15–19 Upana Wake Tano, Si Nne

Juzi soko la samaki Bagamoyo, mtoto wa dada yangu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, rula mkononi, akipima tasi 20 tuliowanunua. Kazi ya shule, takwimu. Akapanga makundi: sentimita 15–19, 20–24, 25–29, 30–34. Nikamuuliza upana wa kundi moja.

"Nne, mama mdogo. Kumi na tisa toa kumi na tano."

Kosa hili nakutana nalo kila mara na linaniuma, kwa sababu mtoto kutoa anajua. Hajaonyeshwa tu kinachohesabiwa. Hesabu kwa vidole: 15, 16, 17, 18, 19. Vipimo vitano. Upana ni 5.

Dhana ya pili ni kwamba kati ya 19 na 20 pana pengo. Nikamlaza tasi mmoja kwenye rula, mkia ukavuka kidogo 19 na nusu. Akaandika 20, maana tulikuwa tunaandika sentimita nzima iliyo karibu. Pengo liko wapi? Kundi la kwanza linaanzia 14.5 na kuishia 19.5, na hapohapo ndipo la pili linapoanzia. Sasa toa: 19.5 toa 14.5, unapata tano ileile.

Ila hiyo nusu usiipeleke kwenye umri! Mtu wa miaka 19 na miezi 11 bado anasema ana miaka 19. Kwa hiyo ukisoma majedwali ya umri, kama ya Sensa ya 2022, kundi la 15–19 linaanza siku mtu anapotimiza 15 na kuendelea mpaka anapokaribia kutimiza 20. Katikati yake ni 17.5. Kwa tasi wetu ni 17. Tarakimu zilezile, ila namna ya kupima ni tofauti.

Wapo pia wanaoamini idadi ya makundi ina sheria. Kanuni ya Sturges ya 1926, inayokadiria idadi ya makundi kutokana na wingi wa vipimo, ingetupa kama matano kwa samaki 20, lakini ni mwongozo tu. Manne yalitutosha.

Kubwa zaidi ni wastani. Makundi yalikuwa na samaki 3, 7, 8 na 2. Kwa kutumia katikati ya kila kundi, jumla ni 485, wastani 24.25. Tulipojumlisha vipimo vyenyewe tukapata 492, wastani 24.6. Akashtuka, akadhani kakosea. Hakukosea. Ukishamtia tasi kwenye kundi, urefu wake mwenyewe umeuacha. Wa 15 na wa 19 wote unawahesabu 17.

Akaandika 24.25 daftarini, na pembeni yake: makadirio.