Baruti ya Bastille
Wengi tumefundishwa kwamba tarehe 14 Julai 1789 watu wa Paris waliivamia ngome ya Bastille ili kuwakomboa wafungwa wa kisiasa waliojaa humo. Sivyo. Walikutwa wafungwa saba tu, wanne wao wakiwa wameghushi hati za fedha. Kilichofuatwa hasa ni baruti: asubuhi ile walikwisha kuchukua bunduki kule Invalides, makao ya askari wazee na majeruhi mjini Paris, na bunduki bila baruti ni rungu tu. Lakini chuki yao kwa gereza lile haikuwa ya bure, maana kwa barua ya mfalme mtu aliweza kufungwa humo bila kesi. Agosti mwaka uleule, ibara ya 7 ya Tamko la Haki za Binadamu na Raia ilikataza kumkamata mtu kinyume cha sheria. Katiba ya Ufaransa inalitambua tamko hilo hadi leo.