Akaunti ya dola laki moja si dola laki moja: dhana zinazowamalizia ada matreda wapya wa Malindi

Kila masika, hoteli zikipunguza wafanyakazi, vijana wa Malindi wanaouliza habari za kampuni za propu, zinazouza mtihani wa kutredi (chalenji) na kumgawia faida anayefaulu, huongezeka. Wanatoka Shella, Maweni, Kisumu Ndogo, na wengi huja kuuliza wakiwa wameshalipa. Karibu wote hufungua mazungumzo kwa maneno yaleyale: "Nimepewa akaunti ya dola laki moja." Hujapewa. Na maadamu unaamini umepewa, hesabu zako zitakwenda kombo tangu oda ya kwanza.

Dhana: Kampuni imeniwekea dola 100,000 nitredi

Yasome masharti ya chalenji uliyoilipia. Kampuni nyingi za mtandaoni zinafanana: lengo la faida ni asilimia 8 hadi 10 awamu ya kwanza na asilimia 5 awamu ya pili, hasara ya siku isizidi asilimia 5, ya jumla isizidi asilimia 10. Kwenye akaunti ya 100,000, ukigusa 90,000 umetoka. Zile 90,000 hutaruhusiwa kuzitumia hata siku moja, sasa zitakuwaje mtaji wako? Mtaji wako ni dola 10,000, na kwa siku ni 5,000 tu.

Hapo ndipo ushauri wa "hatarisha asilimia 1 kila tredi" unapowaponza watu. Asilimia 1 ya laki moja ni dola 1,000, na hiyo ni asilimia 10 ya mtaji wako halisi. Hasara tano za namna hiyo kwa siku moja zinakufungia akaunti. Wala usidhani hasara mfululizo ni bahati mbaya ya nadra. Mtu anayeshinda tredi 45 katika 100, akiwa na mfumo mzuri kabisa, atarajie kukutana na hasara sita mfululizo humo ndani. Kwa asilimia 1 atakuwa amebakiwa na dola 4,000 za kuhatarisha, na mikono itaanza kutetemeka. Kwa asilimia 0.5 atakuwa amepoteza 3,000 na bado ana 7,000.

Kwa hiyo anza na asilimia 0.25, na usivuke 0.5. Ukubwa wa oda utafutwe hivi: gawa dola unazokubali kupoteza kwa idadi ya pipsi (hatua ndogo za bei, 0.0001 kwenye EUR/USD) hadi pale utakapokata hasara, upate thamani ya pipsi moja. Kwenye EUR/USD (euro dhidi ya dola), loti 1, yaani euro 100,000, ni dola 10 kwa pipsi. Ukihatarisha dola 500 na kikomo (pale pa kukata hasara) kiko pipsi 25, 500 kwa 25 ni dola 20 kwa pipsi, yaani loti 2. Dola 250 ni loti 1. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kila oda mpaka ikukae kichwani. Anayechagua loti kwa kukisia, mimi simhesabu kuwa ameanza kujifunza.

Utaniambia kwa mwendo huo hutafika. Tupige hesabu. Ukishinda tredi 45 katika 100, kila ushindi ukilipa mara mbili ya ulichohatarisha, wastani wa faida ni 0.35 ya kiasi hicho kwa kila tredi. Ukihatarisha dola 500 ni dola 175, kabla ya kamisheni. Lengo la 10,000 linahitaji tredi kama 57. Tredi moja kwa siku ya kazi ni miezi miwili na zaidi. Siku hizi kampuni nyingi zimeondoa kikomo cha siku katika chalenji, basi haraka ya kumaliza wiki hii imetoka wapi?

Kisha kuna mambo matatu ambayo wengi huyajua baada ya akaunti kufungwa. La kwanza, hasara inayoelea, yaani ya oda ambayo hujaifunga, inahesabiwa. Tredi ikishuka hadi dola 5,000 chini halafu ikarudi kwenye faida, wewe ulishatolewa pale chini. La pili, siku ya kampuni si siku yako. Kampuni inayofuata saa za Ulaya ya kati huanza kuhesabu upya saa saba usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa nane usiku wakati wa baridi yao. Ukiacha oda wazi ukaenda kulala, inaweza kuhesabiwa katika hasara za siku mbili tofauti.

La tatu ndilo chungu zaidi: kuna akaunti ambazo kikomo chake cha hasara ya jumla hupanda kufuata kilele chako. Chukua akaunti ya 50,000 yenye nafasi ya 2,500. Sakafu yako ni 47,500. Faida inayoelea ikifika 1,500, sakafu inapanda hadi 49,000. Soko likirudi pale ulipoingia, salio bado ni 50,000 na hujapoteza hata senti, lakini nafasi yako imebaki 1,000. Kabla ya kulipa, uliza kama sakafu hupanda kwa faida inayoelea au kwa faida iliyofungwa tu. Inayopanda kwa inayoelea, mwanagenzi aiache.

Na tafadhali, kununua EUR/USD, GBP/USD na dhahabu kwa pamoja usikuite kutawanya hatari. Zote tatu ni dau dhidi ya dola. Habari za ajira za Marekani zikitoka, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri kwetu (saa kumi na nusu wakati wa baridi yao), zote zinaweza kuanguka pamoja. Spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) hupanuka, na kikomo cha pipsi 25 kinaweza kutekelezwa kwenye 35. Kwa loti 2 hiyo ni dola 700 badala ya 500.

Dhana: Nikipasi natredi pesa halisi

Mikataba ya kampuni nyingi inasema waziwazi kwamba akaunti inabaki ya demo, yaani ya pesa za kuigiza, hata baada ya kupasi. Malipo yako hutoka kwenye mfuko wa kampuni, na ada za wanaofeli zimo katika mapato yake. Ndiyo maana masharti ya malipo ni ya kusomwa neno kwa neno, hasa lile linalozuia faida ya siku moja kuzidi sehemu fulani ya faida yote.

Dhana: Propu ni propu

Kampuni za propu za Chicago, London au Amsterdam zinazoajiri wanagenzi huwapima kwa hesabu za kichwani na uwezekano, kisha huwalipa mshahara. Hazikutozi ada ya mtihani. Anayekuuzia chalenji hajakuajiri. Nchini Kenya, CMA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji) ilitoa kanuni za biashara ya sarafu mtandaoni mwaka 2017, nazo zinahusu mabroka, yaani kampuni zinazopokea oda za wateja. Leseni ya broka isichukuliwe kuwa dhamana ya chalenji.

Dhana: Kuna mtu atanipasishia

Kampuni hukagua anwani ya intaneti, kifaa na kitambulisho. Watano wakinakili oda zilezile kwenye waifai moja, wote wanaweza kunyimwa malipo siku ya kutoa pesa, si kabla.

Dhana: Kikomo changu kiko kichwani

Stima hupotea, bando huisha. Kikomo kiwekwe ndani ya oda yenyewe wakati wa kuingia, kikae kwenye seva ya broka. Simu inatosha kufunga oda. Kuchambua chati fanyia kwenye skrini kubwa.

Dhana: Akaunti isiyo na swapu ni halali moja kwa moja

Hapa na Lamu swali hili huulizwa sana, na ni swali la haki. Swapu ni riba ya kulaza oda, na kwa kawaida Jumatano hutozwa mara tatu. Akaunti nyingi zinazoitwa za Kiislamu huiondoa, kisha baada ya siku kadhaa hutoza ada ya usimamizi. Zaidi ya hapo kuna suala la mkopo wa broka na la bidhaa usiyoipokea mkononi. Hukumu ni ya sheikh wako, si ya tangazo la broka. Mpelekee mkataba wenyewe, na ukurasa wa ada uwe umeupigia mstari.