Kazi nyingi, usingizi kidogo: maswali na majibu kuhusu afya ya mfanyakazi

Maswali haya huulizwa sana na waajiriwa na wafanyabiashara wa mjini, hasa Dar es Salaam, ambako mtu hutoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wameshalala tena. Nimeyajibu kwa kuanzia kwenye mwili, kwa sababu wengi wetu hulichukulia suala la kazi na familia kama tatizo la ratiba tu, hadi presha inapopimwa.

Je, kufanya kazi saa nyingi kunaweza kunifanya niugue kweli, au ni kuchoka tu?

Kunaweza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa makadirio kwamba mwaka 2016 pekee watu 745,000 walifariki kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa nyingi. Saa nyingi maana yake ni 55 au zaidi kwa wiki. Ukimlinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, mtu huyo ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17.

Fanya hesabu yako mwenyewe. Ukiingia kazini saa 2 asubuhi na kutoka saa 1 usiku, siku tano, umeshafika 55. Mwenye duka Kariakoo anayefungua saa 2 na kufunga saa 12 jioni, siku sita, ana 60, na hapo foleni ya kwenda na kurudi haijaguswa.

Madhara huja kwa njia mbili. Msongo wa muda mrefu huufanya mwili utoe homoni zinazopandisha presha na mapigo ya moyo, na mwili usipopata muda wa kutulia, presha hubaki juu. Njia ya pili ni maisha yenyewe yanavyobadilika: chipsi za saa 3 usiku kwa sababu hakuna nguvu ya kupika, mazoezi yaliyokufa, sigara au pombe ya kutoa mawazo, na usingizi mfupi.

Nitajuaje kama huu ni uchovu wa kawaida?

Uchovu wa kawaida huondoka ukilala vizuri na kupumzika mwisho wa wiki. Ukirudi kutoka likizo na baada ya siku mbili tatu umechoka vilevile, kuna jambo jingine.

WHO inautambua uchovu uliokithiri wa kazini kama hali inayotokana na kazi, ingawa haiuhesabu kuwa ugonjwa. Una sura tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba kazi yako huiwezi tena kama zamani. Hiyo ya pili watu hawaioni mapema. Muuguzi aliyekuwa akimwita mgonjwa "bibi" na kumuuliza ameamkaje, sasa anamwita "kitanda cha nne". Mwalimu aliyekuwa akijua majina ya darasa zima sasa anasubiri kengele tu. Watu kama hao huambiwa wamebadilika tabia au wana kiburi. Mara nyingi wamechoka kupita kiasi na hakuna aliyewauliza.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, ni kitu kingine. Yenyewe haibaki kazini; inaingia hadi kwenye mambo uliyokuwa ukiyapenda: mpira, kwaya, kukaa na watoto.

Nalala saa tano tu lakini nimeshazoea. Kuna ubaya?

Kuna. Unachozoea ni kule kusikia usingizi. Umakini, kumbukumbu na presha havizoei. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Ukiamka saa 10 na nusu alfajiri kuwahi gari, maana yake uwe umelala saa 3 na nusu usiku, na najua nyumba nyingi saa hiyo ndiyo chakula kinapakuliwa. Anza hapo basi: chakula cha usiku kiliwe mapema zaidi, hata kwa nusu saa. Kahawa na chai kali ziishe mapema mchana, kwa kuwa takriban nusu ya kafeini uliyokunywa huwa bado imo mwilini saa tano baadaye. Simu ichajiwe sebuleni.

Kama unaendesha gari au bodaboda, hili lina uzito zaidi. Usingizi barabarani hauombi ruhusa.

Bosi anatuma ujumbe kwenye grupu la kazini saa 4 usiku. Nisijibu?

Kila ujumbe wa kazi unaoingia usiku huurudisha ubongo kazini, hata ukiusoma bila kujibu. Ndiyo maana mtu anakaa na familia yake huku akili iko ofisini. Ufaransa iliweka jambo hili kwenye sheria tangu mwaka 2017: kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi hutakiwa kujadiliana na wafanyakazi wake kuhusu haki ya kutoshughulika na mawasiliano ya kazi nje ya saa za kazi.

Kwetu, mazungumzo ya heshima hufanya kazi kuliko kununa. Unaweza kusema hivi: "Shikamoo bosi. Kuanzia saa 2 usiku huwa nipo na watoto na simu naiweka mbali. Likiwepo la dharura naomba upige, nitapokea. Mengine nitayajibu asubuhi nikifika." Umeacha mlango wa dharura wazi, na umesema lini utajibu. Wengi hushangaa bosi anapokubali, kwa sababu naye alikuwa anatuma usiku ili asisahau tu. Nawe kama ndiye bosi, andika ujumbe wako, kisha utume asubuhi.

Sheria inanilinda kwa kiasi gani?

Zaidi ya wengi wanavyodhani. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne. Kuna angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Mameneja wanaosimamia wengine na kuripoti kwa uongozi wa juu hawaguswi na vifungu hivi vya saa. Kenya, likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi kwa uchache.

Likizo ichukue. Siku 28 zinazoisha kwenye kusimamia ujenzi na vikao vya harusi haziupumzishi mwili, kwa hiyo tenga hata wiki moja isiyo na shughuli ya mtu.

Narudi kazini na mtoto ana miezi mitatu. Nitawezaje kuendelea kumnyonyesha?

Hapa ndipo kazi na nyumba zinapogongana waziwazi. Kwa sheria hiyo ya 2004 ya Tanzania Bara, likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ushauri wa afya ni maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Katikati panabaki takriban miezi mitatu ambayo mama huachiwa aivuke mwenyewe.

Lipo la kukusaidia: sheria hiyohiyo inampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Zungumza na mwajiri kabla hujarudi, mkubaliane kama utazitumia mchana au utatoka mapema.

Kukamua maziwa anza kujizoeza wiki moja au mbili kabla. Nawa mikono, tumia chombo safi chenye kifuniko, na andika saa uliyokamua. Maziwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam ya Januari ina joto kuliko hilo, kwa hiyo beba kijibox chenye barafu. Kwenye friji hukaa hadi siku 4. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe wala kuyaweka kwenye maikrowevu. Mtoto akibakiza, yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe. Kumnywesha kwa kikombe kidogo ni salama, na kikombe ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Omba chumba chenye mlango wa kufunga. Chooni si mahali pa kukamulia chakula cha mtoto.

Baba naye ana likizo ya angalau siku 3 kisheria, ni chache mno, lakini usiku upo. Kumcheulisha mtoto, kumbadilisha nepi na kuosha vyombo vya maziwa havihitaji titi.

Na dada wa kazi? Yeye pia ni mwajiriwa, na sheria ya 2004 inamhusu. Mara nyingi mama anafika ofisini akiwa na nguvu kwa sababu binti wa miaka 20 nyumbani ameamka saa 10 alfajiri na atalala saa 5 usiku, siku saba. Mpe siku ya kupumzika, na saa yake ya kulala iheshimiwe.

Mimi nimejiajiri, sina bosi wala likizo. Nifanyeje?

Chagua nusu siku moja kwa wiki, ile ambayo wateja ni wachache, ufunge. Waambie wateja mapema, wataizoea. Pima presha mara kwa mara, kwa kuwa hakuna mwajiri atakayekupeleka.

Ni wakati gani niende hospitali?

Mara moja, bila kusubiri asubuhi: uso ukipinda, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, maneno yakigoma kutoka, au kifua kikibana huku maumivu yakienda begani, mkononi au tayani. Ukiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo na mwende pamoja kituo cha afya.

Nenda pia kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumezidi wiki mbili, au presha imesoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti. Ukifika, mweleze daktari saa unazofanya kazi, kama una zamu za usiku, na unalala kwa saa ngapi. Wengi hutaja maumivu tu na kuyaacha hayo, na anayekesha anahitaji kupangiwa saa za dawa anazoweza kuzifuata hata siku ya zamu.