Stroberi haiivi ikishachumwa: mtafute mnunuzi kabla ya miche

Wanaotaka kuanza kilimo cha stroberi hutuuliza kwanza wapande aina gani. Nasi huwarudishia swali: utamuuzia nani?

Mwenye ndizi au parachichi huvuna zikiwa ngumu, na tunda likaiva njiani au sokoni. Stroberi haina ukarimu huo. Ukiichuma ingali nyeupe mabegani, wekundu unaweza kuongezeka kidogo, lakini utamu hauongezeki. Unalazimika kuichuma imeiva, na ikishaiva ni laini, ina ngozi nyembamba, na inaoza upesi. Kwenye joto la nyuzi 25 ina siku moja au mbili tu. Ikipozwa mapema na kuwekwa karibu na nyuzi 0, hufika hata wiki.

Kwa mkulima wa Lushoto anayeuza Dar es Salaam, hesabu hiyo ndiyo biashara yenyewe. Chuma asubuhi umande ukishakauka, jua likiwa bado dogo. Kata au vunja kikonyo, usivute tunda, na uache kile kikofia cha majani ya kijani. Weka moja kwa moja kwenye kikasha kitakachofika dukani, maana kila mkono unaolihamisha tunda unaacha alama, na kesho alama hiyo itakuwa ukungu wa kijivu. Usizioshe kabla ya safari. Wengi huziosha ili zing'ae, kisha wanalaumu dereva.

Shambani nitapita haraka. Stroberi hupenda nyanda za juu. Huku kwetu karibu na ikweta mchana una urefu wa takriban saa 12 mwaka mzima na hautoi ishara ya msimu, kwa hiyo aina kama Chandler na Camarosa huchochewa kutoa maua na usiku wa baridi. Udongo usiotuamisha maji, wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 5.5 hadi 6.5, tuta lililoinuka, miche ikiachana sentimita 30 hivi, maji ya matone, na matandazo ili tunda lisiguse udongo. Machipukizi yanayotambaa hukupa miche mipya, ila usiyachukue kwenye mama mgonjwa, hata kama jirani anakupa bure.

Sasa soko la zilizogandishwa. Kuna dhana kwamba friza ni jalala la matunda yaliyokataliwa. Sivyo. Tunda dogo au lenye umbo la ajabu, sawa. Lililoanza kuoza, hapana. Mnunuzi wa juisi, yogati au jamu hajali sura, anataka tunda lililoiva hadi ndani, lenye rangi iliyokolea na lililotolewa kikofia. Misri na Poland zinauza nje stroberi nyingi za namna hii.

Baridi kali haiui virusi. Mwaka 2012 nchini Ujerumani watu wapatao 11,000, wengi wao wanafunzi, waliugua kuhara na kutapika kutokana na stroberi zilizogandishwa kutoka China zilizokuwa na virusi vya noro. Tunda hili halimenywi, na mara nyingi halipikwi. Choo karibu na shamba, maji ya bomba na sabuni kwa wachumaji si mapambo ya kumfurahisha mkaguzi.

Ukigandisha kwa kiasi kidogo, osha kwa maji safi, kausha, toa kikofia, kisha tandaza kwenye trei bila kugusana. Zikishakuwa ngumu kama mawe, zitie kwenye mifuko na uziweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukijaza ndoo nzima kwa mara moja, zile za katikati huganda polepole. Vipande vikubwa vya barafu hupasua nyama ya tunda, na likiyeyuka linakuwa rojo. Umeme ukikatika hadi zikayeyuka, usizirudishe kwenye friza kwa ajili ya mteja. Kama bado ni baridi na hazijabadilika harufu, zipikie jamu siku hiyo hiyo.