Matumbawe laini si mmea, wala si mnyonge

Ukipanda mashua ya kioo Malindi, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, hukosi kusikia: "Yale yanayoyumba ni mimea tu." Hayo ni matumbawe laini: yanayumba kweli, lakini ni wanyama. Kila kinachofanana na ua ni polipu, mnyama mdogo mwenye mikono minane na mdomo katikati.

Hana gamba la mawe kama ndugu zake wajenzi wa miamba, kwa hiyo tunamhesabu kitoweo cha bure kwa samaki. Sivyo. Nyama yake imejaa vijiti vya chokaa, mithili ya mchicha usiooshwa mchanga, na nani anaupenda?

Silaha kubwa zaidi ni kemikali ziitwazo terpeni. Chembe hai huchukua mnyororo wa atomi 20 za kaboni, kisha kimeng'enya, protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, huukunja ukawa pete. Hapo ndipo inapoanzia sumu inayowachukiza samaki wengi. Hata wataalamu walibishana kwa miaka mingi, wengine wakidai mpishi wa sumu hiyo ni mwani mdogo unaoishi ndani ya tumbawe. Mwaka 2022 tafiti zilionyesha kwamba jeni za kutengeneza vimeng'enya hivyo zimo katika DNA ya tumbawe lenyewe.

Hata hivyo yupo asiyetishika: konokono wa baharini aitwaye kauri, mweupe kama yai, *Ovula ovum*, hula tumbawe laini la *Sarcophyton* na kuigeuza sumu yake kuwa kemikali hafifu. Samaki akikimbia, konokono anaendelea kula polepole.