Je, wajua kwa nini neno la Kiingereza ulilokariri maana yake bado linakuumbua kwenye sentensi?

Unakuta mtu kakaa na kamusi, kaokota neno la Kiingereza lile la nguvu kabisa, kaandika maana yake kwenye daftari, kaikariri mpaka anaweza kuitaja usingizini, halafu siku analitumia mbele za watu anaona tu sura zinabadilika. Maana anaijua, spelingi iko sawa, ila sentensi imegoma. Na wala sio kilaza. Hata wenye lugha yao yanawakuta.

Mwaka 1987 wanasaikolojia wawili wa Marekani, George Miller na Patricia Gildea, waliandika habari hii kwenye jarida la Scientific American. Walikuwa na sentensi za watoto wa darasa la tano na la sita, waliopewa neno gumu, wakasoma maana yake kwenye kamusi kisha wakatunga sentensi. Kilichotoka hapo ni vituko vitupu. Mmoja kaandika "Our family erodes a lot". Unabaki unajiuliza familia gani hii, mpaka uone kamusi ilimwambia nini: erode ni "eat out". Sasa "eat out" kwenye Kiingereza cha kila siku ni kwenda kula mgahawani, na mtoto wa watu hiyo anaijua vizuri tu, kwao wanapenda kula mgahawani, basi kaweka neno kamaliza. Kumbe kula kunakosemwa pale ni kule kwa kutu inapokula bati au maji yanapokula ukingo wa mto. Mwingine kakuta "stimulate" ni "stir up", akaandika kwamba Mrs. Morrow kai-stimulate supu, yaani kaikoroga, kumbe kuchochea kunakosemwa pale ni kwa hisia au hamu. Na mwingine kaambiwa "meticulous" ni mwangalifu sana, akaandika "I was meticulous about falling off the cliff", eti alikuwa mwangalifu asije akadondoka kutoka juu ya mwamba, kumbe neno hilo ni umakini wa vitu vidogo vidogo kwenye kazi.

Cheka, ila angalia walichokifanya. Wanasoma maelezo ya kamusi, wanadaka kile kipande wanachokijua tayari, wanatunga sentensi yenye hicho kipande, halafu wanakitoa wanachomeka neno jipya. Ndicho tunachofanya sote, tofauti yetu na wao ni kwamba sisi hatuna mtu wa kutuchapishia jaridani.

Shida yenyewe utaiona vizuri ukigeuza upande. Chukua mtu anajifunza Kiswahili, kafungua kamusi kaambiwa kupiga ni kugonga kitu kwa mkono au kwa fimbo. Sawa, si uongo. Halafu anakusikia unasema umepiga picha, umepiga pasi, umepiga deki, umepiga simu, umepiga mswaki, umepiga chafya. Hapo hakuna aliyepigwa! Kupiga unakujua kwa sababu umeshakusikia mara elfu na elfu kukiwa na wenzake, na hao wenzake ndio waliokufundisha, hukufundishwa na ufafanuzi wa mtu yeyote. Kiingereza nacho kiko hivyo hivyo: "commit" utalikuta na uhalifu, na kosa, na kujiua, huwezi ku-commit wema hata kama kamusi inasema ni kutenda. Maneno "famous" na "notorious" yote mtu anaweza kuyatafsiri maarufu, lakini "notorious" ni umaarufu wa mabaya, ukimwita bosi wako hivyo umemtukana.

Na Kiingereza kina balaa lake la ziada, maneno yanayogongana maana ni mengi kupita kiasi, kwa sababu za kihistoria. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoivamia Uingereza mwaka 1066 wakashika utawala, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa muda mrefu, na baadaye wasomi nao wakamwaga maneno ya Kilatini, ndo maana kitu kimoja kinaweza kuwa na majina matatu. Kuuliza kuna "ask" ya kizamani ya Waingereza wenyewe, "question" iliyopitia Kifaransa, na "interrogate" ya Kilatini. Kamusi ya haraka haraka itakuambia yote ni kuuliza. Ila "interrogate" ni ile ya polisi na mtuhumiwa chumbani, ukisema ume-interrogate njia ya kwenda stendi watu watamwonea huruma uliyemhoji.

Watunga kamusi wenyewe wamehangaika na hili karne na karne. Mwingereza Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya 1755 alieleza "network", yaani wavu tu au kitu kama wavu, kwa kutumia maneno "reticulated" na "decussated" na "interstices", hapo unahitaji kamusi ya kuisomea kamusi. Ndio maana zikaja kamusi za wanaojifunza: ile ya Longman ya 1978 ilijibana ieleze maneno yake kwa msamiati wa kama maneno 2,000 tu, na COBUILD ya 1987 ikaacha vile vipande vikavu ikawa inaeleza kwa sentensi nzima, kiasi kwamba unaliona neno liko kazini palepale unapoelezwa. Kwangu mimi hiyo ya pili ndiyo waliyopatia.

Kwa hiyo ukifungua kamusi, anza na mifano iliyo chini kabla ya maana iliyo juu. Soma mitatu minne, bahatisha maana mwenyewe kichwani, ndipo upande juu uhakikishe, na kule kubahatisha hata ukikosea kunalifanya neno likae. Halafu usiandike neno peke yake daftarini, liandike na jirani yake, sio "meticulous" bali "meticulous records", na tunga sentensi ya jambo lililokutokea kweli. Kesho funika ujaribu kulikumbuka bila kuchungulia, kisha acha siku tatu, kisha wiki. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishajipima mwenyewe na kuchapisha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na marudio yaliyoachana yanasaidia kuliko kukesha siku moja.

Maneno gani sasa? Hapa watu wanapotezana, wanakimbilia yale ya mbwembwe ambayo hutayakuta tena mpaka unazeeka. Mtaalamu wa lugha Averil Coxhead alitoa orodha mwaka 2000 ya familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na ndugu zake wa shina moja) yanayojirudia kwenye maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, ndani kuna akina "derive", "imply", "sustain", hayo hayana sifa ya kumshangaza mtu ila utakutana nayo kila ukurasa wa tatu. Mimi ningeanzia huko.

Kuna na wanaosema jifunze mizizi ya Kilatini, na kweli inasaidia, ukijua "spect" ni kutazama basi "inspect", "retrospect" na "circumspect" zinaanza kufunguka zenyewe, huyo wa mwisho ni mtu anayetazama pande zote kabla hajafanya jambo. Ila mzizi nao unaweza kukuuza. Lile neno "meticulous" limetoka kwenye "metus" ya Kilatini, yaani woga, na lilipoingia kwenye Kiingereza karne ya 16 lilimaanisha mwoga, mtu mwenye hofu hofu. Kwa hiyo yule mtoto aliyekuwa "meticulous" asidondoke mwambani hakuwa mbali sana, alichelewa tu karne kadhaa.