Je, wajua? Shilingi ya mchango humfikiaje kasa wa Pangani

Wengi wanaochangia kuokoa wanyama huwaza kwamba pesa yao inamwendea mnyama mwenyewe: chakula, dawa, pengine bwawa la kumfugia. Kasa wa baharini anajilisha, na wala hataki kufugwa. Anachotaka ni ufuko wenye mchanga mkavu na majirani wasiofukua mayai yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pesa ya uhifadhi huishia mikononi mwa watu, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mfano mzuri uko Ushongo, kusini ya mji wa Pangani, mkoani Tanga. Mbele ya ufuko huo, kama kilomita 8 ndani ya bahari, kuna Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kilihesabiwa miongoni mwa mazalia makubwa ya kasa Tanzania. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, bahari ikakila kisiwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Leo Maziwe ni fungu la mchanga, na maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hulifunika lote.

Lakini kasa jike hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa, na hata sasa wapo wanaopanda pale. Kiota kimoja huwa na mayai mia moja au zaidi, nayo hukaa chini ya mchanga takriban siku 50 hadi 60 kabla ya kuanguliwa. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili. Kiota kikiachwa Maziwe, maji yatakifikia tu. Ndiyo maana mayai huhamishiwa ufuko wa Ushongo, na kazi hiyo haingoji kesho: saa chache baada ya kutagwa, kiinitete, yaani kasa anayeanza kuumbika ndani ya yai, hujishikiza ndani ya ganda, na yai likigeuzwa baada ya hapo kinakufa. Lazima pawe na mtu wa kufika mapema, na boti, na mafuta ya boti, na posho ya mtu aliyeacha kwenda kuvua siku hiyo. Hivyo vyote havina sura ya kupendeza kwenye picha ya kuombea michango, lakini bila hivyo hakuna kifaranga.

Upande wa nchi kavu kuna mpango mwingine ninaouheshimu sana. Shirika la Sea Sense, lililoanzia kazi zake Mafia mwaka 2001 na baadaye kufika Pangani, humlipa kiasi kidogo mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota, kisha humwongezea kulingana na mayai yanavyoanguliwa. Kuchukua mayai ya kasa ni kosa kisheria, lakini sheria haiwezi kulala ufukweni usiku kucha. Mtu wa kijijini anaweza, hasa akijua kwamba kiota kilichosalimika kina faida kwake kuliko kilichofukuliwa. Wageni nao hulipia kushuhudia vifaranga wakishuka majini, na sehemu ya fedha hiyo huingia kwenye mfuko wa kijiji.

Kinachonitia wasiwasi ni muda. Kifaranga cha kasa wa kijani anayeanguliwa Ushongo leo huenda akarudi kutaga baada ya miaka 25 au hata zaidi, na inakadiriwa kwamba katika vifaranga elfu moja, anayefikia utu uzima ni mmoja tu. Mradi wa kawaida wa wafadhili hudumu miaka mitatu, mingine mitano. Fedha zikikatika, doria inasimama na kumlipa mtoa taarifa kunasimama, ilhali kasa ndio kwanza yuko baharini anakua. Ukiniuliza mimi, mchango mdogo unaokuja kila mwaka una maana kuliko hundi kubwa ya mara moja.

Waliofikiria tatizo hili waliunda mifuko ambayo mtaji wake hauliwi. Mfuko wa uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2001, unafanya kazi hivyo: fedha za wafadhili huwekezwa, na faida yake ndiyo inayogharamia kazi za misitu, ikiwemo ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Huko huko Usambara, fedha za wafadhili zilitumika pia kulipa fidia kwa wakulima zaidi ya elfu moja waliokuwa na iliki katika msitu wa Derema, waache mashamba yao ili msitu wa Amani ubaki umeungana na ile ya kaskazini. Iliki hustawi chini ya kivuli cha msitu, na kwa familia nyingi ndiyo ilikuwa ada ya shule. Fidia ilichelewa na wengi walinung'unika, kwa haki.

Hifadhi ya wanyama ya Mkomazi, ambayo sehemu yake iko Tanga, inaonyesha subira inavyolipa. Majangili walikuwa wamewamaliza faru weusi pale. Mwaka 1989 mhifadhi wa wanyama Tony Fitzjohn, Mwingereza, alifika kuanza kazi, akitegemea michango ya watu wa Uingereza, Marekani, Ujerumani na Uholanzi. Ikajengwa boma ya waya, zikapatikana gari za doria, na mwaka 1997 faru wa kwanza wakaletwa kutoka Afrika Kusini. Wengine walifuata, mwaka 2009 kutoka Jamhuri ya Czech na mwaka 2012 kutoka Uingereza. Humo humo ukaanzishwa mpango wa Rafiki wa Faru, wa kuwaleta kwa basi wanafunzi wa vijiji vya jirani wamwone faru kwa macho yao. Yote hayo yalichukua zaidi ya miaka 20.

Basi ukitaka kuchangia, usiishie kuangalia picha. Uliza pesa inamlipa nani, yuko kijiji gani, na mwakani atalipwa na nani. Na kama uko Tanga na hujawahi kwenda Maziwe, nenda: kiingilio unacholipa kinaingia kwenye hifadhi za bahari za nchi, na huo nao ni mchango.